Madamu wa Lengalenga Nyekundu

Macho ndiyo yaliyomtangulia. Yalikuwa makubwa, yametokeza kana kwamba kuna mtu anayeyasukuma kutoka ndani, na kope hazikuweza kuyafunika vizuri. Shingo ilikuwa imevimba upande hadi upande. Mikono ilitetemeka hata aliposhika chaki. Wageni waliokuja shuleni kwetu walimtazama mara moja, kisha wakajifanya wanakagua mabati ya paa. Watoto wapya walilia. Sisi tuliomzoea tulitulia tukingoja, maana tulijua atakachofanya. Kila mwanzo wa mwaka alisimama mbele ya darasa, akafungua kitambaa cha shingoni, akageuka polepole ili kila dawati lione.

"Muangalie mpaka mushibe," alisema. "Mukishiba, tunaanza somo."

Na kweli alingoja. Alisimama kimya hadi mtu wa mwisho alipochoka kukodoa macho, ndipo akageukia ubao.

Tulimwita Madamu. Waganda huwaita hivyo walimu wote wa kike, lakini Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ukisema Madamu bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye. Alitoka Kivu Kusini kama sisi. Ilisemekana kwamba huko Bukavu alifundisha elimu ya mimea katika chuo, na kwamba alikuwa na nyumba ya matofali yenye chumba kizima cha vitabu. Mama yangu alipomdadisi habari hizo, alijibu kwamba mtu yule alibaki kule, na huyu wa hapa ana vipindi vya kufundisha. Mama hakumwuliza tena.

Alifundisha biolojia bila darubini na bila maabara. Nakumbuka siku ya parachichi. Alilipasua katikati kwa kisu cha jikoni, nusu moja akaipaka maji ya limau, nyingine akaiacha kavu, akaziweka zote mbili dirishani na kuendelea na habari za mizizi. Tuliporudi kutoka mapumziko, nusu yenye limau ilikuwa bado ya kijani, ile nyingine imekuwa ya hudhurungi. Akatuuliza nani ameichafua. Tulisingizia nzi, tukasingizia vumbi, mmoja akasingizia darasa la jirani. Akasema ni hewa. Hewa ile ile tunayoivuta ili tuishi ndiyo inayotuchakaza.

Kisha akaeleza, na sijasahau hadi leo. Mwili huchoma chakula kwa hewa kama jiko linavyochoma kuni. Moto unatupa nguvu, lakini hakuna moto usio na moshi. Moshi huo hushika kuta za chembechembe zetu, huharibu hiki na kile. Kwa hiyo mwili una wafagiaji wake, wanaozunguka usiku na mchana wakisafisha. Wafagiaji wakiwa wengi kuliko moshi, mtu ni mzima. Moshi ukiwazidi, hapo ndipo penye taabu ambayo yeye, kwa Kifaransa chake cha Bukavu, aliiita stresi oksidatifu.

Mimi nikanyoosha mkono na kuuliza kama ugonjwa wake wa shingo una uhusiano na moshi huo. Yeye alifurahi. Alikuja hadi dawati langu, akakaa kwenye ukingo wake, akaninyooshea mkono nishike mapigo yake, kisha nishike ya kwangu. Yake yalienda mbio kama ya mtu aliyetoka kukimbizwa, na hali alikuwa amekaa tu.

"Unasikia?" alisema. "Hapa mu shingo kuko tezi. Inatoa homoni, njo inapimia moto. Yangu imepima mubaya. Moto ni mukali, moshi ni mingi, bafagiaji bamechoka. Ni hivyo tu. Hakuna mutu aliniloga, na mi sijaloga mutu."

Darasa zima likapanga mstari kushika mkono wake. Siku hiyo tulienda nyumbani tukishikana mapigo njia nzima.

Watu waliomwonea huruma walimwambia ale chumvi ya dukani, wakijua goita, yaani uvimbe wa shingo, hutokana na kukosa chumvi yenye madini joto. Hakuwabeza. Alisema hiyo ni goita nyingine, ya kweli pia, lakini yake ilitokana na askari wa mwili wenyewe walioikosea tezi wakaichokoza bila kukoma. Alikula sana akabaki mwembamba. Asubuhi za baridi, wakati sisi tumejifunika vitenge viwili viwili, yeye alipita na blauzi nyepesi, jasho linamtoka. Mambo hayo mawili, ulaji na jasho, ndiyo yaliyowapa watu maneno. Walisema analisha kitu. Walisema halali. Kulala kweli alilala kidogo, na hilo pia lilikuwa la homoni, lakini aliyetaka kuelezwa habari za homoni hakuwa anauliza, na aliyekuwa anauliza hakutaka homoni.

Sitaki kumfanya malaika. Alivuta sigara. Huyu aliyetufundisha moshi, aliyeambiwa na daktari wa Mbarara kwamba tumbaku inamharibia macho zaidi, alijificha nyuma ya jiko lake kila jioni akavuta, na harufu ikatufikia sisi tuliokuja kurudishiwa madaftari. Siku moja mama yangu alimwambia kwa upole kwamba hilo halilingani na anayoyafundisha. Alijibu bila kugeuka:

"Mi nafundisha biolojia, Mama Riziki. Sifundishe utakatifu."

Riziki ndiye mimi. Alikuwa mkali kwa uongo wa wengine, lakini umri wake aliupunguza mbele ya kila karani. Aligombana na mchungaji karibu kila wiki, na Jumapili alikaa benchi la mbele, akalia wazi wazi zikiimbwa nyimbo za zamani za kwetu. Aliwadharau watu wanaopenda mapambo, na alikuwa na viatu vyekundu vya ngozi alivyovitoa kwenye boksi kwa ajili ya safari za Mbarara tu. Alivifuta vumbi alipofika kituoni Rwekubo, kabla ya kupanda gari, kama mtu anayevuka mpaka.

Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Alipanda lengalenga, yaani mchicha, mboga ambayo Waganda huiita dodo, lakini si ile ya kijani inayouzwa kila soko. Ya kwake ilikuwa na majani yenye mishipa myekundu na mashina mekundu kama damu ya mafahali. Mbegu zake zilikuja na akina mama wa Fizi na Uvira, zimefungwa kwenye pindo za vitenge. Kila mama alikuwa na ya kwake, na kila mmoja alidai ya kwake ndiyo nyekundu ya kweli. Madamu alizunguka akiomba punje kutoka kwa wote, akazipanda mistari mistari, akazichunguza. Jua la Nakivale kiangazi linaunguza hata mahindi, ila lengalenga ile ilisimama. Alisema mmea nao una moto na moshi wake, na jua kali huuzidishia. Huo wekundu, alisema, ni mmoja wa wafagiaji wake.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kujifunza kazi ya maabara Mbarara, kisha nikaajiriwa katika chuo kimoja cha huko. Nilikuwa nasaga majani kwenye ubaridi mkali, nayachuja, natoa ule uzi wa urithi ambao mashine za mbali huusoma herufi kwa herufi. Wakati huo walikuwa wakitafuta mboga za Afrika za kusomewa jenomu, yaani maandishi yote yaliyomo ndani ya mmea, yanayouelekeza uwe vile ulivyo. Niliwaambia kuhusu bustani ya Madamu. Profesa wetu alikuja Nakivale na gari, akatembea mistarini, akapiga picha za majani, za ziwa, na za Madamu mwenyewe akiwa ameshika shina refu kuliko yeye. Madamu alimpa majani. Alimpa pia majina ya akina mama waliotunza mbegu, akamtajia kila jina taratibu ili lisikosewe. Nilikuwepo. Alitabasamu njia nzima kunisindikiza.

Picha ile ndiyo iliyoleta balaa.

Sijui ilimfikiaje bwana mmoja aliyekuwa na ofisi ya dawa za kienyeji huko Kamukuzi, mtaa wa Mbarara. Aliyejua habari kwanza ni Hajati. Hajati alikuwa mfanyabiashara wa bizari, asali na habasoda mjini Mbarara, mzaliwa wa hapo, mjane, rafiki wa Madamu kwa miaka mingi. Urafiki wao ulikuwa ubishi mtupu. Hajati aliamini habasoda hutibu karibu kila kitu, Madamu alimwambia aondoe neno "karibu" au aondoe neno "kila", na wakanywa chai ya tangawizi wakiendelea. Siku hiyo Hajati aliniita dukani, akaniwekea kopo mezani bila kusema kitu. Lilikuwa kopo la poda nyekundu. Upande mmoja kulikuwa na picha ya Madamu na shingo yake, upande wa pili mwanamke mwingine mwenye shingo laini. Chini yake paliandikwa kwamba lengalenga ya Nakivale, iliyosomwa na mashine za kisayansi, inaponya goita, utasa, kisukari na uchovu wa akina mama.

"Mimi iko nauza mitishamba tangu baba yangu yuko hai," Hajati aliniambia. "Sijauza uso wa mtu hata siku moja. Muite rafiki yangu akuje."

Madamu alikuja na viatu vyake vyekundu. Alilisoma kopo, akaligeuza, akalisoma tena. Nilidhani atalia, lakini macho yale hayakuwa rahisi kuyasoma. Kisha akauliza ofisi iko wapi.

Tulikwenda watatu. Bwana yule alikuwa mcheshi, mtu wa makamo aliyevaa suti, akatuagizia soda. Alisema amefurahi sana kumwona mama mwenyewe. Alieleza kwamba poda ni majani safi, haina sumu, na kwamba sayansi yenyewe imethibitisha kuwa mmea huo hufagia moshi wa jua. Kama unafagia wa mmea, alisema, kwa nini usifagie wa mtu? Ndipo akamwahidi Madamu sehemu ya faida, ili mradi akubali kupigwa picha mpya.

Madamu alimsikiliza hadi mwisho. Alimweleza kwa Kiingereza chake cha shuleni, kwa utulivu kama anayefundisha kidato cha kwanza, kwamba lengalenga ni chakula kizuri na yeye huila kila siku, na shingo yake ndiyo hii. Chakula hakiwezi kuizuia tezi iliyochokozwa. Anayeacha vidonge kwa sababu ya kopo hili moyo wake utakimbia mpaka usimame. Bwana akatabasamu, akarudia habari ya faida. Hapo Madamu akageukia Kiswahili, nadhani ili Hajati asipitwe na neno.

"Sikukuja kuuzisha uso wangu," alisema. "Nimekuja kuuchukua."

Akanyanyuka, akabeba boksi lililokuwa wazi karibu na mlango, makopo yote ndani, akatoka nalo mikononi. Hakuna aliyethubutu kumshika. Hajati alimfuata akiwa amebeba soda zake ambazo hazijafunguliwa.

Boksi moja halikutosha kitu. Poda ilikuwa imeshafika Base Camp, makao makuu ya kambi yetu, ikiuzwa sokoni karibu na zahanati. Na tayari Mama Neema alikuwa anaitumia.

Mama Neema alikuwa fundi cherehani pale sokoni, mwanamke kijana, mcheshi, aliyenishonea sare yangu ya kwanza. Alikuwa na ugonjwa ule ule wa Madamu, na wote wawili walikunywa vidonge vya aina moja. Walisafiri pamoja kwenda kliniki ya Mbarara, wakirudi wanagombea dirisha la gari. Alitamani sana mtoto wa pili na mimba hazikukaa. Kopo lilimwahidi shingo na mtoto kwa pamoja. Madamu alikwenda kwake, akamsihi, akarudi tena, akamletea vidonge nyumbani. Mama Neema alimpokea vizuri kila mara. Alimwambia kwamba Madamu amekubali kuishi hivi kwa sababu hana wa kumwuliza mtoto wa pili yuko wapi, lakini kwake yeye, mtoto wake Neema anauliza kila siku. Madamu alinisimulia maneno hayo baadaye. Hakuyapinga. Alisema tu kwamba alikuwa na hoja zote, na Mama Neema alikuwa na hamu, na hoja hazikumfikia.

Mama Neema alianguka kwenye cherehani yake, mwili una joto la kutisha, moyo unapiga hovyo. Zahanati walimpakia kwenye gari la wagonjwa. Hakufika Mbarara.

Madamu alikaa msibani siku zote za kilio, kwenye mkeka, pamoja na akina mama wengine. Na humo msibani ndimo maneno yalimozaliwa. Waliokuwa wakiuza poda walisema marehemu alikuwa anapona, shingo ilikuwa inapungua, hadi Madamu alipoanza kumtembelea kila mara na macho yale. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu ulitafuta pa kutua. Siku mbili baada ya mazishi tulikuta bustani imeng'olewa yote. Mashina mekundu yalikuwa yamelazwa hadi njiani, mengine yametupwa juu ya paa lake.

Nilikuja kutoka Mbarara nikiwa na nia ya kumwondoa. Nilishazungumza na Hajati, chumba kilikuwapo. Madamu alinikaribisha, akanipikia, akanisikiliza. Kisha akasema akiondoka sasa, kila mwanamke mwenye goita katika kambi ataambiwa kuwa mchawi wa kwanza alikimbia. Akaomba nimsaidie kuokota mashina yenye mbegu zilizokwisha komaa.

Ofisa wa serikali aliitisha mkutano uwanjani Base Camp. Alikuwa Mnyankore mpole mwenye sauti ya jeshini, aliyechoka na kesi zetu.

"Nyinyi watu ya Kongo," alisema, "hii mambo ya bulogo, ya kulogana, mimi sitaki hapa. Nani ameng'oa shamba ya huyu mama? Simama nione yeye."

Hakusimama mtu. Mchungaji aliomba amani bila kusema amani ya nani na nani. Mume wa Mama Neema alikaa mbele akiwa ameinamisha kichwa. Ofisa akamuuliza Madamu kama ana la kusema, na ninaamini alitarajia machozi. Madamu alifungua kitambaa cha shingoni akakifunga kiunoni, kama mtu anayejiandaa kulima.

"Mama Neema alikuwa mugonjwa sawa na miye," alisema. "Tulikuwa tunakunywa dawa ya namna moja. Mi niliendelea, yeye aliacha, juu batu bakubwa balimuambia poda inatosha. Hiyo njo tofauti yetu. Hakuna ingine. Munasema macho yangu yanaua. Kama yangekuwa yanaua, yule bwana wa makopo angekuwa bado anapumua?"

Kicheko kilipita, kifupi, cha kuona haya. Yeye hakucheka.

"Mi sitaondoka. Sitafunika shingo. Mwenye kuogopa aangalie fasi ingine. Na mwenye goita akuje kwangu kesho, tuende kliniki pamoja. Na ile bustani nitapanda tena, mukiing'oa nitapanda tena. Mi nina kichwa kigumu kuliko majani."

Ndipo mume wa Mama Neema aliposimama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Madamu alikuja kwake akiwa na vidonge mkononi, na yeye mwenyewe alivirudisha. Akakaa. Mwimbaji mmoja wa kwaya akanyanyuka nyuma kabisa, akasema ni yeye na wenzake walioing'oa bustani.

Bwana wa Kamukuzi hakushitakiwa kamwe. Alifunga ofisi, na nasikia aliifungua kwingine akiuza kitu kingine. Poda ilipigwa marufuku kambini, na Hajati aliwatangazia wenye maduka wenzake kwamba atakayeiweka asije tena kukopa bizari kwake. Sisemi haki ilitendeka. Nasema tu kwamba mvua za kwanza zilipokuja, akina mama walifika kwa Madamu mmoja mmoja, kila mmoja na mbegu alizokuwa amezitunza, kila mmoja akisisitiza kwamba ya kwake ndiyo nyekundu ya kweli. Waliojitokeza kwenda kliniki mwanzoni walikuwa wachache, wakaongezeka. Alitangulia mbele yao hadi Rwekubo, shingo wazi.

Miaka ilivyopita ugonjwa ulianza kuvishinda nguvu vidonge. Madaktari walimshauri akatwe tezi. Daktari wa upasuaji alimweleza bila kuficha kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita hapo hapo, na kwamba hata mkono mzuri huweza kuugusa. Madamu alimshukuru kwa kusema kweli, akakubali. Alipona. Shingo ikawa nyembamba, ina kovu jembamba kama uzi, mikono ikatulia, mapigo yakashuka. Kwa mara ya kwanza nikamwona amevaa sweta. Lakini sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono mkavu, kama karatasi inayokunjwa.

Uongozi wa shule ulimwambia kwa heshima kwamba mwalimu asiye na sauti apumzike. Aliwashukuru nao, na Jumatatu akaingia darasani kama kawaida. Nilimtembelea muhula huo na kusimama dirishani. Wanafunzi zaidi ya mia walikuwa wameinama mbele, midomo imefungwa, ili wasikose neno. Aliandika kidogo ubaoni, akanong'ona, akangoja. Walimu wa madarasa mengine walipiga kelele hadi koo zikawakauka, na darasa lake lilikuwa kimya kuliko kanisa. Mkuu wa shule alisimama karibu nami kwa dakika chache, kisha akaenda zake. Ratiba haikubadilishwa.

Mara ya mwisho niliyokaa naye siku nzima ilikuwa mwaka 2015, mjini Mbarara. Kusomwa kwa jenomu kulikuwa kumekamilika, na chuo kiliandaa siku ya kutangaza matokeo. Walialikwa wakubwa wa kilimo, wanafunzi, na akina mama kadhaa kutoka Nakivale, walioketi safu ya nyuma na vitenge vyao vya sherehe. Madamu alikaa kati yao. Hajati alikuja pia, bila kualikwa. Mimi niliwekwa mbele, kando ya Profesa, nitafsiri kwa Kiswahili.

Matokeo yalikuwa mazuri kweli. Waliona sehemu zinazotawala wekundu na sehemu zinazousaidia mmea kustahimili jua. Nilitafsiri kwa furaha, maana baadhi ya majani hayo niliyasaga kwa mikono yangu. Kisha ukaja ukurasa ukutani wenye ramani, na juu ya Nakivale paliandikwa kwa Kiingereza kwamba sampuli ni gugu la porini, lisilo na mwenyewe, lililookotwa kambini.

Nilisita. Kisha nikatafsiri kama lilivyoandikwa. Nyuma kukawa na minong'ono, na Madamu akasimama.

Alianza kusema, na watu wakapaza sauti kwamba hawamsikii. Mtu akamletea kipaza sauti, akakisukuma pembeni kwa upole. Niliondoka mahali pangu nikaenda hadi kwake ili nimsemee. Alinishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa, akangoja. Ukumbi ulichukua muda. Mtu alizima feni. Hatimaye hata viti viliacha kulia.

"Ile si gugu," alinong'ona. "Bamama hawa balichagua mbegu, mwaka kwa mwaka, nyekundu na nyekundu. Balikimbia vita nayo mu vitenge. Majina yao nilikupa. Gugu halina mama. Hii iko nao, na beko hapa, banakuangalia. Toa lile neno."

Nilitafsiri. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alisema anaheshimu sana mchango wa jamii, kwamba maelezo yameshaingizwa kwenye hazina ya kimataifa ya jenomu na kuyabadilisha kuna utaratibu wake, na kwamba baada ya chai watalizungumzia. Akamwomba mama akae.

"Nitangojea," alisema Madamu. "Nikisimama."

Profesa aliendelea. Picha nyingine ikaja ukutani, na nyingine. Madamu alibaki wima katikati ya waliokaa, sweta lake limefungwa vifungo hadi juu, mikono imetulia kando. Hakuna aliyeweza kuangalia ukuta bila kumwona. Profesa aliniita kwa mkono nirudi mbele nikatafsiri. Mkataba wangu wa mwaka uliofuata ulikuwa bado haujasainiwa, na mwenye kuusaini alikuwa yeye.

Nilitafsiri kutoka pale pale nilipokuwa, kando ya Madamu, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. Profesa alinionyesha kiti kilichokuwa wazi karibu nami. Nikamwambia nimekiona, nikaendelea kusimama. Kisha kando yetu nikasikia viti vikisogezwa, kimoja, halafu kingine, halafu safu nzima ya akina mama ikawa imesimama.